Ziwa Lililopumzika Miaka Saba

Someni kwanza: Mambo ya Walawi 25:1-7 na 18-22, kisha Yohana 21:1-14.



Mwezi wa Mei, mvua za masika zinapokaribia kwisha kwetu, katika nchi za kaskazini ndipo maji ya maziwa yanapoanza kupata joto. Huko katika jimbo la Minnesota, Marekani, wako Walutheri wengi, wana na wajukuu wa watu waliotoka Norwe, Uswidi na Ujerumani. Na sharika zao za pande za Saint Paul zina udugu na Dayosisi ya Iringa, udugu uitwao Bega kwa Bega. Basi mgeni atokaye Iringa akiwafikia ndugu hao mwezi wa Mei, hakosi kusikia habari za samaki mmoja. Watamwuliza habari za safari, watamwuliza habari za usharika wake, kisha watamweleza samaki huyu, na asipojihadhari ataelezwa mpaka usiku wa manane. Nasi tumeona vema kuwaandikia habari zake, maana ndani yake limo jambo ambalo sharika zetu hazina budi kulisikia.

Wazungu wa huko humwita wolai, kwa sababu ya macho yake yaliyo meupe kama ya kipofu. Waojibwe, waliokaa katika nchi ile kabla wazungu hawajafika, humwita ogaa. Nasi tutamwita kama wamwitavyo wenyeji, maana hata katika vinywa vyetu ni jina jepesi.

Ogaa ni samaki wa maji baridi. Rangi yake ni ya dhahabu iliyochanganyika na kijani kilichofifia, tumbo lake ni jeupe, na ncha ya chini ya mkia wake ina weupe ambao mvuvi huutambua samaki angali majini. Ana meno makali, na pezi lake la mgongoni lina miiba. Walakini ajabu yake ni macho. Ndani ya jicho, upande wa nyuma, Mungu ameweka utando unaorudisha nuru, kama ule ulio katika jicho la paka au la mbuzi. Mkimmulika kwa taa usiku, macho yake hung'aa. Kwa hiyo huona vizuri gizani, na katika maji yaliyovurugika, ambamo visamaki anaowawinda hawaoni vema. Lakini jua kali humwudhi, naye hushuka vilindini kulikimbia. Mvuvi ajuaye kazi yake hamtafuti adhuhuri siku ya utulivu. Humtafuta jua likitua, au alfajiri, au siku ya mawingu, upepo unapokunja uso wa maji.

Maziwa yale hufunikwa na barafu miezi mingi, nene hata magari hupita juu yake. Mwezi wa Aprili, barafu ikiisha kuvunjika, ogaa huja usiku penye maji haba, juu ya mawe na changarawe, wengine hupanda mito, nao hutaga. Jike mmoja mkubwa hutaga mayai malaki. Hawajengi kiota, wala hawalindi mayai. Huyaacha yadondoke kati ya mawe, nao huenda zao. Mayai hukaa katika baridi ile muda wa majuma mawili au matatu ndipo yaanguliwe, na kila kifaranga, akitoka, hafiki urefu wa sentimeta moja. Walio wengi sana hufa, au huliwa na samaki wengine, hata na ogaa wenyewe. Na jike aliyepona, katika maji yale ya kaskazini, hukaa miaka minne, mitano au zaidi kabla hajataga mara ya kwanza. Neno hili mlishike, tutalirudia.

Kwa sababu hiyo, katika maziwa yaliyo mengi, sheria ya jimbo hufunga uvuvi wa ogaa tangu mwisho wa Februari hata katikati ya Mei, ili mama asikamatwe angali na mayai tumboni. Siku ya kufunguliwa ni Jumamosi, nayo imekuwa kama sikukuu. Tangu mwaka 1948 gavana wa jimbo naye hutoka na mshipi wake. Jumapili ya kesho yake, hatungeshangaa kuona viti vingi vitupu makanisani, na pengine mhubiri mwenyewe akitazama dirishani.

Msomaji wa Torati, asikiapo sheria hii, hukumbuka agizo moja dogo lililo katika Kumbukumbu la Torati 22:6-7. Mtu akikuta njiani kiota cha ndege, na mama amewalalia makinda au mayai, ameruhusiwa kuyatwaa makinda, lakini mama amwache aende zake. Ni agizo dogo sana, tena watu hulipita upesi wasomapo. Lakini tazameni ahadi iliyofungwa nalo: kupata heri na siku nyingi. Ndiyo ahadi iliyofungwa na amri ya kuwaheshimu baba na mama. Mungu aliyewawekea wazazi wetu ulinzi hakumsahau ndege mwenye makinda, wala samaki alalaye juu ya changarawe.

Akiisha kutaga, ogaa huchoka, tena huwa na njaa. Maji yanapozidi kupata joto, mwisho wa Mei na kuingia Juni, hukaa karibu na ufuko na vinywa vya mito, akiwala visamaki na mabuu ya wadudu wa matopeni. Huo ndio wakati wa mvuvi. Hufunga ndoana ndogo yenye chubwi, huivika kisamaki au ruba, huishusha mpaka chini kabisa, kisha huinua kidogo na kushusha, polepole, mashua ikichukuliwa na upepo. Ogaa havuti kwa nguvu. Mara nyingi mvuvi husikia uzito tu katika mshipi, kama jani lililolowa maji. Mwenye haraka hudhani ni jani kweli, au huvuta kabla ya wakati, samaki akaenda. Ni kazi ya watu wapole, na watu wa Minnesota huwafundisha watoto wao kazi hii kabla ya kuwafundisha mengine mengi.

Sasa tufike penye habari yenyewe. Kaskazini mwa jimbo lile liko ziwa kubwa liitwalo Red Lake, yaani Ziwa Jekundu. Lina sehemu mbili, ya juu na ya chini, zilizounganishwa na mlango mwembamba, na eneo lake lote ni kama kilometa za mraba 1,100. Si ziwa la kina; sehemu ya juu, hata palipo na kilindi, ni kama meta tano tu. Sehemu yote ya chini na sehemu kubwa ya ile ya juu ni milki ya Waojibwe wa Red Lake. Watu hawa walikataa nchi yao isikatwekatwe, kila mtu kipande chake, kama makabila mengine mengi ya Marekani yalivyotendewa. Hata leo nchi yao ni mali ya wote pamoja, na ziwa vivyo hivyo. Upande wa mashariki wa ziwa la juu uko chini ya jimbo, na huko huja wavuvi wa mshipi kutoka miji ya mbali.

Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya kwanza, nyama ilipokuwa haba, uvuvi wa biashara ulianzishwa katika ziwa hilo. Mwaka 1929 wavuvi wa Red Lake waliunda ushirika wao wenyewe. Walitega nyavu, wakamvua ogaa, wakamwuza, na kwa fedha hiyo nyumba zilipata unga na nguo, na watoto wakaenda shule. Babu alimrithisha mwana, mwana akamrithisha mjukuu. Asiwepo mtu wa kuwadharau kwa kazi hiyo. Bwana wetu aliwaita mitume wa kwanza kutoka penye kazi kama hiyo hiyo.

Lakini samaki walianza kupungua. Nyavu zilikuwa nyingi kuliko ziwa lilivyoweza kuzijaza. Wengine waliuza kwa siri, nje ya ushirika, bila hesabu. Na palipo na muuzaji wa siri pana mnunuzi wa siri, naye mnunuzi huyo mara nyingi hutoka mbali, hula, hufuta kinywa, na kwake hakuna ajuaye. Upande wa jimbo nako watu walivua. Likumbukeni sasa neno tuliloliweka: jike hukaa miaka mingi kabla hajataga. Katika ziwa lile samaki walikuwa wakivuliwa hawajataga hata mara moja. Kila mwaka wazee walipungua, na vijana waliopaswa kuwa wazee wakaishia sokoni. Kufika katikati ya miaka ya 1990, ziwa lilikuwa karibu halina ogaa.

Hapa tusimame kidogo, ndugu walimu wa katekismo, kwa maana jambo hili linagusa kazi yenu. Tunawafundisha watoto amri ya saba, Usiibe, na kwa mfano tunataja kuku wa jirani, au mahindi shambani mwa mjane. Mtoto anaelewa mara moja. Lakini katika Ziwa Jekundu, nani aliibiwa? Hakuna aliyelibeba ziwa. Kila mtu alitwaa kidogo, na wengi walitwaa kwa ruhusa, na kidogo cha kila mtu kilionekana kuwa haki yake. Aliyeibiwa hakuwapo kulia. Alikuwa mtoto ambaye hajazaliwa, naye hana mahali pa kupeleka mashtaka ila kwa Mungu. Dhambi ya namna hii ni ngumu kuungama, kwa sababu haina uso wa mtu mmoja, na kila mwenye kuitenda anaweza kumwonyesha mwingine aliyetenda zaidi. Mwenye wavu humwonyesha mwenye mshipi, mwenye mshipi humwonyesha mwenye wavu, na wote wawili humwonyesha mnunuzi. Ndivyo Adamu alivyofanya bustanini. Sisi tunaona kwamba katika sharika zetu dhambi zilizo nyingi ni za namna hii, wala si za kuku wa jirani. Nasi hatuzihubiri, kwa kuwa wahubiri nao wamo.

Basi mwaka 1997 wavuvi wa ushirika ule waliweka nyavu zao chini. Jimbo halikuwaamuru, katika maji yao jimbo halina amri. Walikubaliana wenyewe kuacha uvuvi wa biashara ya ogaa, wale wale waliokuwa wakiishi kwa biashara hiyo. Baadaye baraza la kabila lilifunga hata uvuvi wa kitoweo cha nyumbani. Na mwaka 1999 mapatano yalitiwa sahihi kati ya kabila, jimbo la Minnesota na serikali kuu ya Marekani, kwamba pande zote zitaacha kumvua ogaa katika ziwa lile mpaka atakapopona, na kwamba watasimamia sheria kila mmoja kwake, na kazi ya kumrudisha wataifanya pamoja.

Hatusemi kwamba walifanya hivyo kwa kusoma Mambo ya Walawi. Walikuwa na sababu zao, na mafundisho ya wazee wao juu ya ziwa. Lakini sisi tulio na kitabu hatuwezi kusikia hesabu ya miaka yao tusikumbuke. Tangu mapatano hata siku ya kufungua ilikuwa miaka saba.

Torati ilimpa Mwisraeli miaka sita ya kupanda na kuvuna, na mwaka wa saba nchi ilipaswa kupumzika. Sabato ile iliitwa ya nchi yenyewe, kana kwamba udongo nao una haki mbele za Bwana. Lakini twasoma mwisho wa kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati kwamba watu hawakuishika. Kwa hiyo walipochukuliwa mateka Babeli, nchi ilikaa ukiwa miaka sabini, ikapata sabato zake zote kwa mara moja. Pumziko lisilotolewa kwa hiari huwa deni. Ziwa Jekundu halikupewa mwaka wake wa saba, likadai miaka saba mfululizo.

Tena Mungu alijua watu watauliza nini. Katika Walawi 25:20 swali lao limeandikwa kabla hawajaliuliza: tutakula nini mwaka wa saba? Hakulikemea swali hilo wala hakuliita kukosa imani. Alilijibu kwa chakula, akaahidi kwamba mwaka wa sita utatoa mavuno ya kuwafikisha mpaka mavuno mengine. Na katika aya za kwanza za sura ile amewahesabu watakaokula pamoja katika mwaka wa pumziko: mwenye shamba, mtumwa na mjakazi, mtu wa mshahara, mgeni, hata mnyama wa mwituni. Sabato ya nchi haikuwa saumu ya maskini na karamu ya matajiri. Wote walikaa meza moja.

Neno hili ndilo tunalotaka lisikiwe kuliko yote tuliyoandika. Ni rahisi sana kumsifu mtu aliyeweka wavu wake chini, wakati sisi hatuna wavu. Mvuvi wa Red Lake aliyeacha mwaka 1997 alikuwa na watoto wa kulisha mwaka 1997, na mwaka uliofuata, na mwaka baada ya huo. Mwenye duka mjini, aliyemnunua ogaa wake miaka yote, alipata samaki wengine kutoka maziwa mengine, wala hakukosa mlo. Toba ya ziwa lote ilibebwa na migongo michache. Mhubiri akisimama mimbarani akasema, Ngojeni, Bwana atawapa, naye ameshiba, ajiulize kama Walawi 25 imemruhusu kusema hivyo.

Wala jambo hili si la mbali. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika miezi mitatu, tangu katikati ya Mei hata katikati ya Agosti, kusudi dagaa na migebuka wapate kuzaana. Tunaona ilikuwa sheria nzuri. Lakini miezi mitatu ni mirefu kwa mtu anayeishi kwa karabai na wavu. Wasomaji wetu wa Kigoma na vijiji vya pwani ya ziwa lile wanajua ni nani aliyekwenda kuwatazama wavuvi katika miezi hiyo, na ni nani aliyewahubiria tu juu ya utii. Dkt. Martin Luther, alipoeleza katika Katekismo Ndogo maana ya mkate wetu wa kila siku, hakutaja mkate peke yake. Alihesabu nyumba na shamba, serikali njema, hali nzuri ya hewa, hata marafiki na majirani waaminifu. Jirani mwaminifu naye ni mkate. Usharika wenye wakulima na wavuvi, ziwa likifungwa, una gunia la mahindi la kuzungumza nalo kabla ya kuzungumza kwa maneno.

Turudi Red Lake. Katika miaka ya 1999, 2001 na 2003 walimwaga ziwani vifaranga vya ogaa, jumla yao zaidi ya milioni 100. Kabla ya kuwamwaga waliwatia dawa inayoacha alama katika mifupa midogo ya kichwani, ambayo huonekana ikimulikwa kwa taa maalumu; hivyo baadaye, samaki akikamatwa kwa kuchunguzwa, iliweza kujulikana kama alitoka mikononi mwa watu au alizaliwa na ziwa lenyewe. Kisha wakangoja. Hatujui kazi nyingine ya mwanadamu inayofanana zaidi na mfano wa Bwana katika Marko 4:26-29, mtu aliyemwaga mbegu, akalala na kuamka, mbegu ikamea naye hajui jinsi ilivyomea. Unamimina ndoo ya vijidudu visivyoonekana vema kwa macho katika maji mapana kama bahari, kisha unarudi nyumbani.

Jambo moja lililotokea katika miaka ile linatufurahisha, ijapokuwa ni la kando. Ogaa walipokuwa hawapo, samaki mwingine, mpana na mdogo kuliko ogaa, aitwaye krapi, alistawi katika ziwa lile kupita kawaida. Watu walikuja kutoka mbali kumvua, hata juu ya barafu wakati wa baridi, na wenye nyumba za wageni kando ya ziwa la juu wakapata riziki ambayo hawakuitazamia. Ogaa waliporudi, krapi wakapungua tena. Waisraeli walipewa mana jangwani, na siku walipokula mazao ya nchi, mana ilikoma.

Hapa lazima tuwe waangalifu, tulio wafuasi wa mafundisho ya Matengenezo, tusije tukajenga juu ya habari hii imani ya kulipwa. Mtu asiseme: waliacha miaka saba, kwa hiyo Mungu alidaiwa, akalipa. Toba hainunui samaki. Yako maziwa na bahari ambako watu waliacha kuvua, na samaki hawajarudi kama zamani hata leo. Pwani ya Newfoundland, nchini Kanada, uvuvi wa chewa wa kaskazini ulifungwa mwaka 1992, na maelfu ya wavuvi wakapoteza kazi, na miaka mingi ikapita samaki wasirudi. Wale nao waliweka nyavu chini. Mwenye kutubu hapewi hati ya mapato. Luther alianza hoja zake za mwaka 1517 kwa kufundisha kwamba maisha yote ya waaminio yawe toba, wala hakuongeza ni faida gani itakayoonekana mwisho wa mwaka. Tunaacha wavu kwa sababu tulikosa. Ziwa likipona, ni kipawa.

Na kipawa ndicho tunachokiona katika Yohana 21. Petro na wenzake walivua usiku kucha katika bahari ya Tiberia. Wavuvi wa huko walivua usiku, kama ogaa anavyotafutwa gizani, naye Petro alikuwa mtu wa kazi hiyo. Walakini hawakupata kitu. Alfajiri mtu amesimama ufukoni. Kwa neno lake wakatupa jarife upande wa kuume, wakapata samaki wakubwa mia na hamsini na watatu. Wahubiri wengi wamejaribu kufasiri hesabu hiyo, wengine kwa werevu mno. Sisi tunaona jambo jepesi zaidi: mtu fulani alikaa chini akawahesabu. Jarife halikukatika, na samaki walihesabiwa. Tena kabla samaki wale hawajafika nchi kavu, moto wa makaa ulikuwa umewashwa, na samaki wako juu yake, na mkate. Bwana hakungoja wavu wao ili apate kuwalisha. Na aliyelishwa hapo alikuwa Petro, ambaye karibu na moto mwingine wa makaa alikuwa amemkana mara tatu, na alikuwa hajasema bado neno lolote la kuungama. Alipewa chakula kwanza. Maswali matatu yalikuja baada ya kula.

Tukiwaendea wavuvi, au wachoma mkaa, au wakata miti, kuwaambia habari za dhambi ya ziwa na ya msitu, twende kwa utaratibu ule ule alioufuata Bwana wetu.

Siku ya Jumamosi, tarehe 13 Mei 2006, Ziwa Jekundu lilifunguliwa. Upande wa jimbo kila mtu aliruhusiwa samaki wawili tu, na wale wa kimo cha kutaga walirudishwa majini. Waojibwe nao waliporudi katika maji yao, walirudi kwanza kwa ndoana na mshipi, si kwa nyavu. Tangu hapo ogaa wa ziwa lile huhesabiwa kila mwaka na watu wa pande zote, na kipimo cha kuvua huwekwa kwa hesabu hiyo.

Mtu aliyekuwa na miaka sitini alipoweka wavu wake chini mwaka 1997, siku ile alikuwa na sitini na tisa, kama alikuwa hai. Wengine hawakuwa hai. Waliacha, wakangoja, wakafa kabla ziwa halijafunguliwa, kama wale wanaotajwa katika Waebrania 11 walioiona ahadi kwa mbali. Na watoto waliozaliwa mwaka wa mapatano walikuwa wanatimiza miaka saba. Walikuwa wamesikia habari za ogaa maisha yao yote, katika ziwa lao wenyewe, wala hawajamvua hata mmoja. Bila shaka jioni ya siku zile, upepo ukikunja maji na jua likishuka nyuma ya miti, wako waliokaa mashuani na mshipi mkononi karibu na babu zao, wakasikia uzito mdogo chini kabisa, wakageuka kuuliza kama ni samaki, au ni jani.